Land Rover 110 inanuka dizeli nikijaza tangi, ikiwa nusu kimya. Nizibe au nibadili tangi? (Niko Kigoma)

#1 MweneMwandiga

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla hela yangu haijaishia mikononi mwa mafundi.

Nina Defender 110 ya 1996, injini 300Tdi. Nimeinunua mwaka jana kwa mzee mmoja kule Uvinza. Injini haina kesi, gia zinaingia, difu hailii. Shida yake ni moja. Nikijaza mafuta mpaka juu, kesho yake uani pananuka kama kituo cha mafuta na nyuma upande wa kulia chesisi imelowa. Nikipanda milima ya kwenda Kalinzi ndiyo usiseme, abiria wa nyuma wanaziba pua kwa kanga. Mafuta yakishuka hadi nusu, kimya. Wiki nzima hata tone silioni.

Fundi wa kwanza kaingia chini na tochi, kapapasa tangi lote, kasema tangi zima, kibaya ni hozi ya kujazia. Tukabadili hozi, harufu iko palepale. Wa pili anasema nimpelekee tangi achomelee, dakika 10 tu. Wa tatu anasema atanitengenezea jipya kwa bati, elfu 90 na ufundi humohumo. La dukani naambiwa nisubiri litoke Dar, na bei yake mara nne ya hiyo.

Halafu wiki iliyopita, baada ya ile mvua kubwa, gari limezima njiani. Filta ilipofunguliwa ilikuwa na maji ya kutosha kunawia mikono.

Nifanyeje?

#2 SpanaKumiNaSaba

Mkuu, jibu umeshaliandika mwenyewe. Linavuja likijaa, halivuji likiwa nusu. Tundu liko juu ya tangi. Ukipanda mlima dizeli inakimbilia nyuma, inafika kwenye tundu, inatoka. Na mvua ikinyesha maji ya matairi yanaingia kwa mlango huohuo. Harufu na maji kwenye filta ni ugonjwa mmoja.

Fundi wako wa kwanza hakukudanganya, alipapasa pasipo na ugonjwa. Kwenye 110 tangi limening'inia katikati ya mihimili miwili ya chesisi, nyuma ya difu, chini ya sakafu. Tumbo lake linaonekana na mara nyingi ni zima, kwa sababu limerukiwa oili na dizeli miaka yote na kutu haipendi mafuta. Mgongo ndio hakuna anayeuona. Kati ya mgongo na sakafu kuna upenyo kidogo, tairi linatupia tope humo, tope halikauki mpaka kiangazi kiishe. Mimi sijawahi kushusha tangi la 110 lililoozea chini. Yote yameozea juu.

Swali moja tu: huyo mzee wa Uvinza alikuwa anabebea nini?

#3 MweneMwandiga

Chumvi.

#4 SpanaKumiNaSaba

Nimemaliza.

#5 MamaAlizeti

Hahaha Spana jamani, mfafanulie mwenzio.

Mimi niko Kasulu, si fundi, ila nimemiliki Land Rover muda mrefu kuliko ndoa za baadhi ya watu humu. Mwaka mmoja tangi langu lilipigwa jiwe chini likachuruzika. Konda wangu akachukua kipande cha sabuni ya mawese, akakisugua pale penye ufa huku dizeli inatiririka. Ikakata. Dizeli haiyeyushi sabuni. Tulifika Kibondo na kurudi, sabuni ipo.

Lakini hiyo ni ya ufa mmoja unaouona. Tangi la kutu ukilisugua sabuni unaongeza tundu kwa kidole.

#6 DogoGereji

Achomelee tu mkuu, mnamtisha bure. Hiyo ni dizeli siyo petroli, hailipuki.

#7 SpanaKumiNaSaba

Dogo, naomba unisikilize vizuri kwa sababu bado una nyusi.

Dizeli iliyotulia kwenye beseni kweli ni ngumu kushika moto. Tangi tupu ni kitu kingine. Ndani limebaki utando wa dizeli ukutani na kwenye pembe. Ukiweka moto wa kuchomelea nje, utando ule unachemka, unakuwa mvuke, mvuke unachanganyika na hewa iliyofungiwa. Hapo umetengeneza bomu na wewe ndiye uliyelikumbatia.

Nilipokuwa najifunza kazi Ujiji, kuna fundi mkubwa wetu aliletewa tangi la lori la dizeli. Lilikaa juani siku 3, mfuniko wazi, kila mtu anasema limeshakauka. Alipogusa tu mara ya pili nilisikia kishindo kwenye kifua kabla ya masikio. Upande mmoja wa tangi ulifunuka kama kopo la samaki, bati lililobaki likaning'inia kwenye mwembe. Yeye alipona, lakini mkono wa kulia haukunyooka tena. Mimi tangu siku hiyo sichomelei tangi ambalo sijaliosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha nikalijaza maji mpaka pabaki nafasi ndogo tu pale ninapochomea. Anayesema dakika 10 hana mpango wa kufanya hayo.

Na hata akifanya, atachomea nini? Bati lililoliwa na chumvi ni jembamba kama karatasi. Utaziba tundu moja, moto utafungua mengine mawili pembeni.

#8 AsaliYaSikonge

Naingilia kutoka Tabora. Mimi nilikuwa na Land Rover ya kufuata asali porini huko Ipole, tangi likaoza, nikaenda kwa hilo chaguo lako la tatu. La bati, la kienyeji. Lilikuwa zuri kwa macho, linang'aa, nikalisifia.

Siku ya kwanza gari likatembea kama nusu saa likazima. Tukafungua filta, safi. Tukapiga pampu, likawaka, likaenda, likazima tena. Hivyo hivyo mpaka usiku, madumu ya asali nyuma, nyuki waliotufuata wanatuzunguka. Kijana mmoja alipofungua mfuniko wa tangi aangalie kama mafuta yapo, likavuta pumzi: fyuuuu. Gari likawaka bila tatizo. Fundi alisahau bomba la kupumulia. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, tangi linajinyonga lenyewe. Nikarudi nyumbani nimelegeza mfuniko na tambara juu.

Tulipoweka bomba la hewa nikadhani yameisha. Baada ya miezi michache filta zikaanza kuziba kila mara, zina kitu kama ute wa bamia. Hapo ndipo nikaambiwa kosa ni bati lenyewe, lile la kuezekea lililopakwa zinki.

#9 SpanaKumiNaSaba

Asali kasema kweli tupu. Zinki na dizeli haviishi nyumba moja. Dizeli inaila zinki taratibu, zinatokea chembe laini kama sabuni, zinakwenda kukaa kwenye filta na mwisho kwenye pampu ya nozeli. Shaba nayo usiiweke. Mwene, kama huna budi kutengenezesha, sema bati jeusi la chuma tupu, milimita 1.5 au 2, na ndani ziwekwe kuta mbili tatu zenye matundu ili mafuta yasicheze kama maji kwenye ndoo ya kichwani. Bomba la hewa usisahau. Na kabla ya kupaka rangi lijazwe maji lilale nayo usiku.

Ila kwa 110 ningenunua la duka. Ukiagiza mwambie muuzaji wazi kwamba gari ni 300Tdi, tangi la chuma. Usiseme Defender 110 halafu ukanyamaza, maana kuanzia 1998 zilipokuja zenye injini ya Td5 tangi lilikuwa la plastiki na pampu ya umeme imo ndani. Atakutumia hilo, na kulirudisha Dar kutoka mwisho wa reli ni hadithi nyingine.

#10 MzeeWa109

Nawasalimu wanangu.

#11 MweneMwandiga

Shikamoo mzee wangu.

#12 MzeeWa109

Marahaba. Mimi niliendesha Land Rover 109, zile za zamani za springi za majani, tangi liko chini ya kiti. Lilikuwa likivuja unajua kwa suruali. Hizi 110 zilizokuja 1983 zikawafichia tangi nyuma, ndiyo maana mnahangaika.

Nina mambo mawili. Bolti za tangi hilo hazijaguswa tangu kiwandani, na zimekaa kwenye chumvi. Usizivamie. Zisugue kwa brashi ya waya, zimwagie dizeli, uende ukalale. Kesho yake mwagia tena. Siku ya tatu ndiyo ushike spana. Ikikataa kabisa, kata kwa msumeno wa mkono. Nasikia vijana wa sasa kila kitu gurainda. Cheche za gurainda na tangi linalovuja, hapana.

La pili ni grisi. Wakati wa kurudisha, kila bolti ipakwe grisi kama mkate. Mnaiona meli ya Liemba pale bandarini? Wajerumani walipoizamisha 1916, ikiitwa Graf von Götzen, mafundi wao waliisiliba mitambo kwa grisi kwanza. Wabelgiji waliiibua ikazama tena, mpaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini. Miaka yote ile chini ya ziwa. Bolti yako unaishindwaje juu ya nchi kavu.

#13 DogoGereji

Mzee umeua 😂 Nimefuta maneno yangu ya #6.

#14 MweneMwandiga

Asanteni sana wazee. Nimeagiza la duka, la chuma, nimesema 300Tdi mara tatu mpaka muuzaji akaudhika. Likija nitaleta mrejesho.

#15 MweneMwandiga

MREJESHO. Tangi lilifika na basi Alhamisi, limefungwa kwenye gunia. Jumamosi tukashusha la zamani, mimi na kijana mmoja wa jirani, uani kwangu.

Bolti nilizilowesha siku 3 kama mzee alivyosema. Mbili zikafunguka kwa adabu. Moja ikalia, ikazunguka na nati yake. Ya nne ikakatika, tukaimalizia kwa msumeno. Kwanza tulifungua vyuma vya kuvutia trela maana vinapita chini ya tangi. Dizeli niliimwaga kwa nati ya chini, nikapata lita 30 na kitu kwenye madumu. Nilitaka kushusha nayo ndani kijana akanikumbusha kwamba tangi hili linabeba karibu lita 80, hata likiwa nusu ni zaidi ya kilo 30 zinazoyumba juu ya jeki. Tukaweka ubao juu ya jeki, tangi likakaa juu ya ubao.

Mabomba hayafikiki mpaka tangi lishuke kama kiganja kimoja. Hapo mkono unapita, unafungua bomba la kupeleka, la kurudisha, na nyaya za floti (kile kinachopima mafuta ndani ya tangi). Bomba la kurudisha lilikatikia mkononi, nimeweka jipya.

Sasa ule mgongo. Wakuu, lilikuwa shamba. Tope gumu, jeusi chini, jeupe juu, limelala mgongo mzima unene wa vidole vitatu. Nikabandua kipande kama unavyobandua ukoko wa ugali, kikatoka na bati. Namaanisha bati lilibaki kwenye tope na tangi likabaki wazi. Nikaramba ncha ya kidole (msinicheke). Chumvi. Miaka mingapi imekaa pale sijui, ila nilipoinua zulia la nyuma nikaona imepita wapi: kwenye maungio ya sakafu. Magunia yalikuwa yanapukutisha, chembe zinaanguka juu ya tangi moja kwa moja, halafu chumvi inavuta unyevu hata kiangazi.

Nimehesabu matundu 11 ninayoyaona kwa macho. Mengi yako kwenye mshono wa nyuma kulia. Tumbo, kama Spana alivyosema, linaweza kuolewa kesho.

#16 MamaAlizeti

Picha!

#17 MweneMwandiga

Zimegoma kupanda dada, mtandao wa huku leo unasuasua.

#18 SpanaKumiNaSaba

Safi. Sasa kabla hujapandisha jipya:

Lifungue uangalie ndani. Mara nyingine yanakuja na vumbi la chuma au vipande vya plastiki vya kuzibia. Weka lita 2 za dizeli, litikise, mwaga kwenye beseni jeupe. Rudia mpaka itoke safi.

Nati ya chini iweke na washa mpya. Raba za kushikia tangi zikiwa zimekandamizika kama chapati nunua nyingine, chuma kikigusana na chuma kitachanika tena.

Mgongo wa tangi jipya upake rangi ya kuzuia kutu, kisha ile nzito ya lami. Rangi ya kiwandani ni ya kukuvutia dukani tu.

Halafu angalia kwenye chesisi karibu na tairi la nyuma kulia. Panatakiwa pawe na kikombe cha kutenga maji kabla mafuta hayajaenda mbele. Kipo?

#19 MweneMwandiga

Kipo, ila kimerukwa. Bomba limeunganishwa kwa kipande cha hozi na kikombe kinaning'inia kama pambo.

#20 SpanaKumiNaSaba

Ndiyo maana maji yalifika kwenye filta. Kioshe, badili raba zake, kirudishe kazini. Kila baada ya wiki mbili za masika legeza nati yake ya chini, ukiona maji yanatoka kwanza, mwaga.

#21 MweneMwandiga

Wakuu, tangi liko juu, kila kitu kimefungwa, gari haliwaki. Nimepiga pampu ya mkono pale ubavuni mwa injini mpaka kidole gumba kimevimba. Kile kimkono kinacheza tu, hakivuti. Pampu imekufa?

#22 DogoGereji

Limeshika hewa. Nunua pampu.

#23 SpanaKumiNaSaba

Usinunue kitu. Pampu ile inasukumwa na kemu ya injini, ile shafti yenye vinundu. Injini ikisimama huku kemu imeibana, kile kimkono hakina kazi hata upige mpaka Jumapili. Zungusha injini kidogo, piga stata nusu sekunde tu, halafu jaribu tena. Utasikia kimkono kimekuwa kizito. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, piga mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke nzima, ifunge huku unaendelea kupiga. Ndipo uwashe. Betri uipumzishe, usilibembeleze stata dakika nzima.

#24 MweneMwandiga

LIMEWAKA. Limekohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likatulia. Nilipozungusha injini kidogo tu kimkono kikashika. Kumbe nilikuwa naipigia pampu iliyofungwa.

#25 AsaliYaSikonge

Hongera. Mfuniko unapumua?

#26 MweneMwandiga

Unapumua kaka, nimefungua baada ya kutembea, hakuna fyuuu.

Nimejaza mpaka juu, nikapanda Kalinzi na kurudi na abiria 7. Hakuna aliyeziba pua. Usiku nimetandika boksi chini ya gari, asubuhi boksi kavu.

Tatizo lililobaki dogo: geji inasema tangi tupu, na nimejaza mwenyewe.

#27 MzeeWa109

Ulipopaka rangi, ulipaka na chesisi?

#28 MweneMwandiga

Ndiyo mzee, nilipaka kila palipokuwa na kutu.

#29 MzeeWa109

Basi umepaka na mahali pa waya wa athi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Rangi haipitishi umeme.

#30 SpanaKumiNaSaba

Mzee kamaliza. Ukitaka kuhakikisha, fungua swichi, chomoa waya wa geji kwenye floti uuguse kwenye chuma safi mara moja. Sindano ikipanda kuelekea kujaa, geji na waya ni vizima, kilichobaki ni athi. Kwangua rangi pale paking'aa, funga waya, paka grisi juu.

#31 MweneMwandiga

Nimekwangua upana wa shilingi mia. Sindano imepanda kama bendera. Asanteni.

#32 DogoGereji

Mkuu lile tangi la zamani una mpango nalo? Naweza kulichukua, nikate tumbo nitengenezee jiko.

#33 MweneMwandiga

Dogo, nimelijaza maji, nikalitoboa kwa sururu, liko nyuma ya choo. Njoo ulichukue na baiskeli. Spana anasema ukilikata, likatwe likiwa na maji ndani, na yeye atakuja kusimama pale aone.

#34 SpanaKumiNaSaba

Nitasimama mbali.

#35 MamaAlizeti

Na lile tope ulilitupa? Maana samaki wa mgebuka bei imepanda, chumvi ya bure si ya kuacha.